Kokteli za kizamani kwa wageni nyumbani: mbona nikifuata kitabu zinatoka kali hivi?

BiNdimu (mleta uzi)
Habari zenu wadau wa jikoni na wa kaunta.

Nina wageni kumi na wawili Jumamosi ijayo na nimeshawatangazia kwamba tunarudi enzi zile: muziki wa santuri, glasi zenye miguu, vinywaji na vitafunio vya kati ya miaka ya 1920 na 1970. Najua nusu karne nzima nimeitia kwenye sinia moja, msinisute. Nguo na mapambo havinisumbui. Kinachonisumbua ni vinywaji.

Ninavyo vitabu viwili vya zamani vya kokteli. Kimoja kinaandika "glasi ya mvinyo moja ya brandi". Kingine kinataja sehemu tu, nusu hiki, robo kile, bila kusema nusu ya nini. Nikipima nilivyoelewa, kinywaji kinatoka kikali mpaka machozi, au kitamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Martini ya vemuthi nyingi wanayoisifu kwangu inanuka siki. Na chakula sijakigusa, ilhali nimeahidi fondue (jibini la kuyeyushwa la kuchovya) na ile jeli ya nanasi inayosimama kwenye sahani.

Je, ladha za watu zimebadilika, au kuna kitu sikielewi? Na nitawahudumiaje watu kumi na wawili bila kukesha nimesimama natikisa chombo?

KitiChaMbele
Naweka kambi hapa. Wataalamu njooni.

MzeeWaKaunta
Bi Ndimu, kitabu chako kiko sawa, ila kinazungumza na watu walionywea glasi ndogo kuliko zako.

Tuanze na vipimo. Kitabu cha kwanza cha Marekani cha kazi ya baa, cha Jerry Thomas, kilitoka 1862. Humo "glasi ya mvinyo" ni kipimo cha takriban ml 60, wala haihusiani na glasi unayonywea mvinyo leo. Ukiijaza ya kisasa hata nusu tu umeshapitiliza. "Pony" ni ml 30. "Dash" ni mtikiso mmoja wa chupa ya bita (ile pombe chungu ya mitishamba inayotiwa kwa matone), pungufu kidogo ya ml 1. Yenye mtego ni "gill": ya Uingereza ni ml 142, ya Marekani ml 118. Angalia kitabu kilichapishwa wapi kabla hujamimina.

Kile cha sehemu sehemu naona ni cha mtindo wa Harry Craddock wa hoteli ya Savoy, London, aliyetoa kitabu chake 1930. Sehemu hizo ni za kinywaji kizima kabla ya barafu. Kwa hiyo amua jumla kwanza. Mimi huchukua ml 80: nusu inakuwa 40, robo 20, hesabu imekwisha. Barafu itaongeza maji ml 20 hadi 25, utafika karibu ml 100, na glasi ya miguu ya enzi zile ilikuwa imeshajaa. Ukiwa na glasi ya ml 250 utaona aibu kuiacha tupu, utaijaza, na hapo ndipo machozi yanapoanzia. Tafuta glasi za ml 120 hadi 150. Hiyo peke yake itakuondolea nusu ya malalamiko.

Halafu maji. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, New York, liliulizwa na msomaji kokteli ni kitu gani. Likajibu: pombe kali, sukari, maji na bita. Maji yametajwa pamoja na vingine, ni kiungo. Ukitikisa kwa sekunde tano kwa kuogopa "kukizimua", umeacha kiungo kimoja nje. Tikisa sekunde 12 hadi 15 kwa barafu ngumu iliyotoka friza muda huohuo. Ukikoroga, nenda hadi sekunde 30. Chenye juisi, yai au krimu kinatikiswa; kilicho pombe tupu kinakorogwa ili kibaki angavu.

Na hiyo harufu ya siki: vemuthi ni mvinyo uliotiwa mitishamba na kuongezewa nguvu kidogo. Ukishafungua chupa, hewa inaanza kuila. Ikae kwenye friji, na uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Watu huiweka kabatini mwaka mzima kisha wanasema hawapendi Martini. Nunua chupa ndogo mpya, jaribu jini ml 40 kwa vemuthi kavu ml 40 na tone mbili za bita ya chungwa, halafu urudi hapa.

KitiChaMbele
Kumbe yangu iko kabatini tangu harusi ya dada. Asante mzee.

ChupaTupu
Mimi nilisoma kwamba kokteli zilibuniwa wakati wa ile marufuku ya pombe Marekani, pombe ilikuwa mbovu ya kutengenezwa kwenye mabafu ya kuogea, wakaficha ladha kwa juisi na sukari. Kwa hiyo sisi wenye pombe nzuri hatuna haja nazo.

KaraniWaKale
Hadithi hiyo inapendwa, ila tarehe zinaikataa. Marufuku ilianza Januari 1920, ikafutwa Desemba 1933. Manhattan, Martini na Old Fashioned zilikuwa za karne ya 19, na Daiquiri ilishatoka Cuba. Pombe mbovu ilikuwepo kweli, na Bee's Knees ya jini, asali na limau kwa kawaida inahesabiwa ya miaka hiyo. Lakini athari kubwa ya marufuku ilikuwa kuwafukuza wajuzi. Craddock mwenyewe alivuka bahari mwaka 1920 akaenda London.

Na alipofika Savoy, aliyekuwa akiongoza kaunta ni mwanamke, Ada Coleman, tangu 1903. Ajabu jina lake halitajwi kwenye sherehe hizi za "mtindo wa 1920", wote wanavaa kama majambazi wa Chicago. Kinywaji chake ni Hanky Panky, alichomtengenezea mwigizaji Charles Hawtrey: jini ml 45, vemuthi nyekundu ml 45, Fernet-Branca (pombe chungu sana ya mitishamba) kijiko kimoja cha chai, koroga na barafu, chuja, kamulia ganda la chungwa juu. Bi Ndimu, mtu akiniuliza nichague kimoja tu, ni hicho. Hakina juisi ya kukamua wala shira ya kuchemsha, na kinaonja kama kitu ambacho mgeni hajawahi kupewa.

ChupaTupu
Fernet ni dawa ya tumbo, mkuu. Usimtese mama wa watu.

KaraniWaKale
Kijiko kimoja cha chai, sikusema glasi.

MpendaRamu
Natia neno kwa upande wa miaka ya 1940 na kuendelea, maana huko ndiko watu hukosea zaidi kwa kuongeza vitu.

Mai Tai aliyoitoa Victor Bergeron, Trader Vic, kule Oakland mwaka 1944 haina juisi ya nanasi hata tone. Ni ramu nzee ya Jamaica, ndimu, likeri (pombe tamu) ya chungwa, shira ya lozi na sukari kidogo. Nanasi liliingia baadaye kwenye toleo la Hawaii, na tangu hapo kila baa inakupa juisi nyekundu yenye mwavuli. Vipimo vyangu: ramu ml 60, ndimu ml 25 iliyokamuliwa sasa hivi, likeri ya chungwa ml 15, shira ya lozi ml 15. Tikisa, mimina pamoja na barafu iliyosagwa, chomeka mnanaa. Ukikosa shira ya lozi usitie esensi ya lozi ukadhani ni kitu kilekile. Tengeneza kinywaji kingine.

Piña colada, ambayo Puerto Rico iliifanya kinywaji chake rasmi 1978, inataka krimu ya nazi iliyotiwa sukari. Tui la kopo ni kitu kingine, na ukilitumia itabidi uongeze sukari wewe mwenyewe.

Na kwa yeyote anayetaka rangi ya miaka ya 1950: Blue Hawaii ya Harry Yee ni ya 1957, ina vodka, ramu, likeri ya bluu na nanasi. Sura nzuri, ladha ya kawaida. Nisamehewe na mashabiki wake.

BiNdimu
Nimefuata maelezo ya MzeeWaKaunta jioni hii kwa chupa mpya ya vemuthi na glasi za bibi yangu. Sasa nimeelewa nusu ni nusu ya nini. Kinywaji kidogo, baridi, kinaisha kabla hakijapata joto. Kumbe ndiyo sababu ya glasi ndogo!

Glasi zenyewe ni za kristali nzito, na kuna chupa yake ya kumiminia yenye kifuniko. Naweza kuweka wiski humo mezani?

FundiGlasi
Glasi tumia. Chupa hiyo mimina wiski jioni ileile, na kitakachobaki kirudi kwenye chupa yake usiku huohuo. Kristali za zamani nyingi zina risasi, na pombe ikikaa humo wiki na miezi inaitoa risasi ikaingia kwenye kinywaji. Saa chache za sherehe ni jambo tofauti kabisa na kuhifadhia.

Kwa kuwa mtu ataleta habari za Moscow Mule (vodka, ndimu na soda ya tangawizi) na vikombe vya shaba: angalia ndani. Kikombe kiwe kimepakwa chuma kisichoshika kutu au nikeli. Ndimu na soda ya tangawizi ni vikali kwa shaba tupu. Kanuni za chakula za Marekani zinakataza shaba kugusana na kitu chenye pH (kipimo cha asidi) chini ya 6, na Mule iko chini sana ya hapo.

JikoLaMama
Haya, wanywaji mmemaliza? Chakula kinangoja.

Jeli ya nanasi kwanza, kwa sababu hiyo itakuliza dada yangu. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini kinachokatakata protini, na jelatini ni protini. Utaweka friji usiku kucha, asubuhi utakuta supu. Papai na kiwi ni hivyohivyo, na tangawizi mbichi pia. Tumia nanasi la kopo, ambalo limeshapikwa kiwandani, au chemsha vipande vyako dakika chache kwanza. Jelatini ya unga gramu 7 inashika nusu lita ya kimiminika kwa ulaini. Ukitaka isimame kwenye sahani bila kuyumba, ongeza nusu ya hapo tena. Kutoa kwenye kalibu: chovya chini kwenye maji ya uvuguvugu kwa sekunde kumi tu, funika kwa sahani, geuza kwa ujasiri. Ukigeuza kwa woga inachanika.

Fondue sasa. Jibini la Gruyère na Emmental, gramu 400 kwa jumla, kwaruza. Changanya na kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi mpaka kila uzi upakike. Sugua chungu kwa kitunguu saumu, tia mvinyo mweupe mkavu ml 200 na kijiko cha juisi ya limau, upate moto bila kuchemka, kisha jibini kiganja kwa kiganja, ukikoroga. Mvinyo na limau vina kazi: asidi hunyakua kalisi inayozishikanisha protini za jibini, ndiyo maana mchuzi unabaki laini. Ikianza kukatika na kutoa mafuta, tia limau kidogo, punguza moto, koroga kwa nguvu. Mara nyingi inarudi. Kipimo hiki kinatosha watu wanne kushiba au kumi na wawili kuchovya, na wewe una vitu vingine mezani. Waswisi waliitangaza sana kuanzia miaka ya 1930 ili jibini lao liuzike. Wamarekani wakaichukulia mtindo miaka ya 1960. Kwa hiyo mandhari yako inaruhusu.

Vitu vya kushika kwa vidole: mayai ya kuchemsha yaliyojazwa kiini kilichopondwa na mayonezi na haradali. Havijawahi kubaki kwenye sahani yangu. Kamba kwa sosi ya waridi, ile ya mayonezi, tomato, Worcestershire na limau, ndani ya glasi, majani ya saladi chini. Vijiti vya jibini na nanasi vilivyochomekwa kwenye balungi ni vya kuchekesha tu, ila wageni watavipiga picha, weka. Kuku wa krimu na bizari aliyeandaliwa kwa kutawazwa Malkia Elizabeth II mwaka 1953 ni mzuri ndani ya vikombe vya keki ya tabaka. Ruka ile saladi ya samaki ndani ya jeli ya limau. Watu wa zamani nao walikuwa na siku mbaya.

Mayai na kamba visikae mezani zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali saa moja. Toa kidogo kidogo.

Sinywi
Nimesoma mpaka hapa, watu kumi na wawili, na hakuna aliyeuliza kama wote wanakunywa. Tusiokunywa kila sherehe tunapewa soda ya chupa tukae pembeni na watoto.

BiNdimu
Umenishika. Wawili hawanywi, mmoja wao ni mjamzito. Nisaidie.

Sinywi
Sawa, tumepatana. Kuna kinywaji cha siki cha kale ambacho kina ukali na utamu wa kutosha kumfanya mtu anywe taratibu. Matunda, sukari na siki ya tufaha, vyote uzito sawa. Ponda matunda na sukari, weka friji siku moja au mbili, chuja, tia siki. Ml 30 kwenye glasi yenye barafu, jazia soda ya maji. Katika glasi ileile nzuri, tafadhali.

Pia Shirley Temple: soda ya tangawizi, grenadini, cheri. Lakini tengeneza grenadini mwenyewe. Ni shira ya komamanga, na nyingi za chupa ni sukari na rangi tu. Juisi ya komamanga kikombe, sukari kikombe, pasha mpaka iyeyuke bila kuchemka, tone la limau.

Jambo moja wenye kaunta hulisahau: bita za Angostura zina pombe karibu asilimia 45. Matone mawili ni kidogo, ila usimwambie mtu "haina pombe kabisa". Mwache aamue mwenyewe. Na yeyote atakayetikisa Clover Club, kokteli ya jini, kwa ute wa yai, mjamzito asipewe yai bichi hata kama ni la bila pombe. Maji ya kopo la dengu, ml 30 badala ya ute mmoja, yanatoa povu vizuri.

KipimoKamili
Narudi kwenye swali la kukesha unatikisa, naona limepotea. Jibu ni panchi moja na chupa moja iliyochanganywa mapema. Basi.

Panchi: menya ganda la njano tu la malimau matano, liponde na sukari gramu 250, liache saa tatu nne. Sukari itavuta mafuta ya ganda mpaka iwe tope lenye harufu ambayo juisi peke yake haitoi. Usiiruke hatua hii, ndiyo panchi yenyewe. Kamua malimau hayo upate ml 250, yeyusha, chuja, tia ramu ml 750 na chai baridi nyepesi lita 1. Inatoka zaidi ya lita mbili, vikombe vidogo kama 18. Wazee walikuwa na wimbo: chachu moja, tamu mbili, kali tatu, laini nne. Kwa ulimi wa leo tamu mbili inazidi, mimi naweka sawa na chachu.

Barafu ya panchi iwe pande moja kubwa, kwa sababu uso wake ni mdogo ukilinganisha na vipande vingi, inayeyuka polepole. Gandisha maji kwenye kalibu ya keki yenye tundu katikati, na vipande vya limau ndani. Hilo pete la barafu ni la kizamani kuliko mapambo yako yote. Kungumanga ikwaruzwe juu mwishoni.

Chupa: Manhattan kumi. Wiski ya rai ml 450, vemuthi nyekundu ml 225, bita vijiko vitatu vya chai, maji safi ml 150. Ndiyo, maji, kwa sababu hutaitikisa na barafu. Chupa ya lita moja inatosha. Weka friza, mimina.

MzeeWaKaunta
Yote sawa isipokuwa friza. Ukishatia maji hayo, mchanganyiko unabaki na pombe kama asilimia 26, na friza nyingi za nyumbani zinafika nyuzi −18. Ukiilaza humo usiku kucha itaanza kuganda uji. Iweke friji tangu asubuhi, kisha friza saa moja na nusu kabla ya wageni. Glasi nazo ziingie friza.

KipimoKamili
Yangu haigandi.

MzeeWaKaunta
Basi friza yako ni dhaifu, au maji unayapunja.

ChupaTupu
😂😂 Hapo kuna ugomvi wa zamani.

BiNdimu
Jamani msipigane, nitafuata friji kisha friza. Nimeamua hivi: Hanky Panky ya kukaribisha, imechanganywa na maji yake kwenye chupa kama hiyo Manhattan. Panchi kwenye bakuli. Kinywaji cha siki cha stroberi kwa wasiokunywa. Mai Tai natikisa mwenyewe kwa atakayeomba, na jagi la maji kila meza. Vitafunio ni mayai, kamba, fondue na jeli ya nanasi la kopo. Balungi nalo lipo, JikoLaMama asinune.

Swali la mwisho kwa KaraniWaKale: Hanky Panky za watu kumi, Fernet nazidisha mara kumi moja kwa moja?

KaraniWaKale
Anza na vijiko saba, onja ikiwa baridi, kisha ongeza. Uchungu kwenye chupa kubwa ukishazidi hautoki, ila ukipungua unaongezwa. Chupa ya Fernet iache wazi kaunta. ChupaTupu akija atapunguziwa, mimi nikija nitaongezewa. Na ganda la chungwa usilitie kwenye chupa mapema, kamulia juu ya kila glasi wakati wa kumpa mgeni.